Mstari Nilioususa

Dada yangu alifika kituo cha mbegu na kibuyu kitupu, na hakunisalimia. Mlinzi alimvutia kiti, akakataa.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua mali ya mama yangu kwa huyu mwizi."

Mwizi ni mimi. Msimu uliotangulia nilipita kwake, kama ninavyopita kote, nikalala siku mbili, nikaondoka na kopo moja la mtama aliotuachia mama. Sikuomba. Nilijua amebakiza mtungi mzima. Sikujua kwamba fukusi, wale wadudu wa nafaka, wataumaliza ule mtungi wote. Ikawa kopo langu ndilo pekee lililobaki, nami nilishalitoa hapa kituoni ili nipate kazi.

Mtama ule haukufanana wenyewe kwa wenyewe. Mwekundu, mweupe, wenye maganda meusi. Mmoja una haraka, mwingine mvivu mpaka unakera. Mama hakuturuhusu kuuchambua hata siku moja. Alisema hajui mwaka ujao utautaka upi.

Mkuu wa majaribio tulimwita Rula. Aliupanda kiraka cha saba, akataka humo ipatikane mbegu ya aina moja, iliyosimama kama gwaride. Kazi yangu ilikuwa kung'oa. Unatembea katikati ya mistari, mche usiofanana na wenzake unautoa kabla haujachanua, usije ukachanganya mbegu. Nimeifanya kazi hiyo vituo vinne. Mkono wangu ni mwepesi, na ndio ulioniponza.

Jua likakaza. Wiki ya tano bila tone, baadhi ya miche ikakunja majani kama miavuli iliyofungwa, ikatulia, haikui wala haifi. Mingine ikaendelea kurefuka, kijani, inapendeza.

"Hiyo iliyojikunja ni migonjwa," Rula akasema. "Toa yote."

"Haiumwi, mkubwa. Imelala. Nimeiona ikilala shambani kwa mama."

"Mzee, umesomea wapi wewe?"

"La pili huku, la nne kule. La tatu sikuliona."

"Basi ng'oa."

Nikang'oa. Nilijua ninachong'oa, ila mkono haukungoja ruhusa. Kufika alasiri umebaki mstari mmoja, wa pembeni kwenye uzio. Rula akapita, akaona mche mmoja nimeuruka nyuma, akapaza sauti vibarua wote wasikie: "Babu haoni! Mpeni fimbo!"

Wakacheka. Nikamwambia fimbo aitangulize kichwani mwake, asikie kinavyolia kitupu. Nikasusa, nikaenda zangu. Sikuokoa kitu kwa mapenzi, nilinuna tu. Kesho yake akanitupa ghalani, na mstari ule hakuna aliyeukumbuka.

Haya yote nilimweleza dada tukielekea kiraka cha saba. Alisikiliza bila kugeuza shingo.

"Kwa hiyo uliniibia, halafu ukang'oa ulichoiba."

"Ndiyo."

"Kwa mikono yako."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada leo."

Kiraka kilikuwa kikavu, majani yanagongana kama karatasi. Ile miche mirefu ya kupendeza ilikuwa imekufa imesimama. Mvua ilikuja imechelewa mno, ikakuta waliolala wameng'olewa na waliobaki wameshakufa. Isipokuwa kwenye uzio. Pale, katikati ya mikavu, dada alihesabu mashuke kumi na moja yaliyokomaa: mekundu, meupe, moja jeusi. Akatoa kisu.

Rula akaja mbio. "Mama, acha! Hiyo ni mali ya kituo!"

Dada akamwonyesha kiraka kizima kwa ncha ya kisu. "Mali yako ni hiyo iliyokauka, kijana. Uliichagua mwenyewe. Haya, ibebe."

"Babu, mwambie huyu!"

"Mimi sioni," nikamjibu. "Nipeni fimbo."

Akapiga kelele kumwita mlinzi. Mlinzi alikuwa ameshafika zamani, amemshikia dada kibuyu.

Dada alipukuchua shuke moja moja, punje zikidondoka humo, hazikufika hata nusu. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akaupiga kofi.

"Mkono huo? Kaa nao mbali."

Langoni nikamtakia safari njema. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Safari ya nani? Chukua nguo zako. Mtama huu utaulima wewe, na utakaa kwangu mpaka uvunwe."

"Miezi minne sehemu moja? Unanijua, siwezi."

"Nakujua. Ndiyo maana."

Nikafungasha. Alinipa kisu nibebe, akanipa na furushi lake, zito kama mawe. Kibuyu alikipakata mwenyewe njia nzima, upande ule ambao mimi sikuwepo.