Elfu Kumi na Moja za Shangazi

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, kabla chai haijapoa, mtu mmoja mwembamba mwenye miwani aliingia kwenye chumba cha mikutano cha kituo cha televisheni akiwa na karatasi mkononi, na watu wazima wenye watoto na wajukuu wakanyamaza kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka. Wote walimwita Bwana Asilimia. Kazi yake ilikuwa kuleta hesabu ya watazamaji: wako wangapi, wana umri gani, na wamehamia stesheni nyingine dakika ya ngapi.

"Shangazi," alisema Jumatatu hiyo, "una watazamaji laki nne na elfu thelathini. Hongera."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa madaha yake yale yale. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akiendesha kipindi cha ushauri wa ndoa na malezi, Alhamisi saa kumi na moja jioni, na nchi nzima ilimwita Shangazi, hata vikongwe waliokuwa na umri wa kumzaa.

"Lakini," akaendelea Bwana Asilimia, maana hongera ya mtu huyu haikuwahi kutembea peke yake, "waliovuka hamsini ni laki tatu na ushei. Vijana wa miaka kumi na tano hadi thelathini na minne ni elfu kumi na moja. Mwezi uliopita walikuwa elfu kumi na moja. Mwezi wa kabla yake pia."

"Kwani wazee si watu?"

"Ni watu, mama. Ila wenye matangazo hawana haja nao. Mzee ameshachagua sabuni yake, habadilishi tena."

Watu wakacheka. Bwana Asilimia akageuza karatasi. "Kidosho. Vijana laki sita na elfu tano."

Kidosho alikuwa na miaka ishirini na sita. Miaka minne tu iliyopita alikuja kituoni kujifunza kazi, akawa anambebea Shangazi chupa ya maji na kumshikia kioo. Leo ana kipindi chake kila siku saa moja jioni, picha yake imebandikwa ukuta mzima pale mapokezi, na akipita korido wapiga picha wanasahau walichokuwa wanafanya. Na ubaya zaidi, hakuwa na kiburi ambacho mtu angeweza kukishika na kumchukia kwa haki. Alikuwa na heshima. Mbele za watu alimwita Shangazi "mama yangu mlezi", na kila akilitamka neno hilo, Shangazi alijiona amezeeka mwaka mzima.

Mkuu wa vipindi akakohoa. "Shangazi, nakuambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Robo hii ya mwaka ikiisha safu yako ya vijana kwenye karatasi ikiwa haijapanda, Alhamisi saa kumi na moja anapewa Kidosho. Kipindi cha pili."

"Kutangulia si kufika," Shangazi akasema, akitabasamu. Kidosho naye akatabasamu. Mmoja wao alikuwa anatabasamu kwa meno tu.

Wivu, jamani, hauna adabu. Haumwulizi mtu ana miaka mingapi, wala haujali kwamba yeye ndiye anayewashauri wenzake kila wiki waache wivu. Jumamosi Shangazi alikwenda kumtembelea kaka yake, mwalimu wa hesabu, na njia nzima alikuwa akimhesabia Kidosho kasoro: anacheka mno, anamkatiza mgeni, hajui kukaa kwenye kiti. Saa moja kamili akaingia sebuleni kwa kaka yake, na nani yuko kwenye televisheni? Kidosho, na gauni la manjano. Kwenye kochi wamekaa wifi yake na binti wa kaka yake, kitinda mimba wa miaka kumi na tisa, mama anamsuka bintiye, macho kwa Kidosho.

Kikulacho ki nguoni mwako, Shangazi akajisemea. Hata salamu aliitikia nusu.

"Yule leo kavaa nini hiyo?" akauliza. "Huwa anasema nini cha maana? Wewe na wenzako mnampendea nini hasa?"

"Anachekesha tu, Shangazi," binti akajibu.

Ndipo Shangazi akaona kijisanduku cheusi juu ya kabati, chini ya televisheni, kina taa ndogo nne. Ya pili na ya tatu zilikuwa zinawaka kijani.

"Hicho nini?"

Wifi yake akacheka, akatazama mlango kama mwizi. "Hatukutakiwa kumwambia mtu, na wewe ndiyo kabisa. Ni chombo cha kuhesabu watazamaji. Vijana wa kampuni ya takwimu walituchagua mwaka juzi. Kila mtu ana kitufe chake kwenye hii rimoti: moja ni kaka yako, mbili ni mimi, tatu ni huyu. Ukikaa kutazama unabonyeza, ukiondoka unabonyeza tena. Kila mmoja wetu anasimama badala ya maelfu ya watu."

"Na hawakuuliza kama mna ndugu anayefanya kazi televisheni?"

"Waliuliza. Kaka yako akasema hapana, yeye anakuhesabu wewe mshauri wa ndoa." Wifi alicheka mpaka chanuo likamtoka mkononi. "Haya, umekaa, nawe ujihesabishe. Nne ni ya mgeni. Inauliza mwanamke au mwanamume, halafu umri. Lakini umri wa kweli, wifi yangu, siyo ule wa kwenye televisheni."

Shangazi alikuwa na miaka hamsini na miwili. Akaishika rimoti, akaiangalia, akairudisha mezani. "Sikai sana," akasema, ingawa alikaa mpaka chakula kikaiva. Muda wote hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa akiitazama taa ya tatu. Damu yake mwenyewe, mtoto aliyemchagulia hata jina, imekaa pale inamwongezea Kidosho maelfu.

Wiki iliyofuata binti akarudi chuoni, mji mwingine, mpaka mwisho wa mwaka. Siku ya tatu Shangazi akampigia wifi yake. Mguu unamvimba, akasema, na kutoka kituoni hadi kwake ni mbali. Je, Alhamisi anaweza kupumzika pale kwao, maana ni karibu? Kipindi chake kilikuwa kikirekodiwa kila Jumanne, kwa hiyo Alhamisi jioni hakuwa na kazi. Wifi yake aliuza dawa kwenye duka la hospitali hadi saa moja na kaka yake alikuwa na masomo ya ziada. Ufunguo akapewa siku hiyo hiyo, na pole juu.

Alhamisi ya kwanza alikaa kwenye kochi kama anayeiba, na kusema kweli alikuwa anaiba. Muziki wa kipindi chake ulipoanza, akabonyeza tatu. Taa ikawaka kijani. Basi, kwa muda wa dakika arobaini na tano, Shangazi mwenye miaka hamsini na miwili akawa msichana wa miaka kumi na tisa anayempenda sana Shangazi.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kama ana elfu kumi na moja, na kitufe kimoja ni maelfu, Jumatatu karatasi itasema elfu ishirini na kitu. Wiki mbili tatu hivyo, mkuu wa vipindi ataanza kusema vijana wamerudi.

Jumatatu Bwana Asilimia akasoma: "Shangazi, vijana, elfu kumi na moja."

Akadhani amekosea kubonyeza. Alhamisi ya pili akabonyeza kwa kidole gumba, akahakikisha taa imewaka, hata chooni hakwenda. Jumatatu: elfu kumi na moja. Alhamisi ya tatu, vivyo hivyo. Ilikuwa kama kujaza maji kwenye pakacha. Angekuwa mtu mwenye roho tulivu angejiuliza ni kwa nini. Lakini mwenye wivu hajiulizi. Anatafuta wa kumlaumu, na wa kulaumiwa alikuwa tayari ana jina.

Kwa maana katikati ya kipindi cha Shangazi, kila dakika kumi na tano, yalikuja matangazo, na ndani ya matangazo alikuja Kidosho. "Usikose, saa moja jioni!" Anarusha busu. Kwenye kipindi cha mwenzake! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Shangazi akafoka peke yake sebuleni, akabadilisha stesheni. Kidosho alipokwisha kupita, akarudi. Akagundua kwamba kufanya hivyo kulimpa raha, raha ndogo chafu. Basi ikawa desturi. Busu likija tu, paa, anahama. Kisha akaanza kubaki mpaka saa moja kasorobo, kitufe cha tatu kimewashwa, anangojea tu Kidosho atokee ili amhame. Alijiambia kwamba kila akihama, maelfu wanahama pamoja naye. Alhamisi sita alifanya hivyo. Mguu, wifi yake akiuliza, bado ulikuwa unasumbua.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilifika mwisho Jumatatu baada ya Alhamisi ya sita.

Bwana Asilimia aliingia na karatasi mbili. "Kabla ya hesabu, nina kisa," akasema. Mtu huyu hakuwa na kawaida ya kuwa na kisa. "Kuna nyumba moja kwenye sampuli yetu. Siruhusiwi kuitaja na wala sijui ni ya nani. Ina msichana wa miaka kumi na tisa. Wiki sita hizi, kila Alhamisi, huyu msichana anatazama kipindi cha Shangazi toka mwanzo hadi mwisho. Lakini kila sura ya Kidosho ikitokea, hata kwenye tangazo la sekunde kumi, anahama. Sekunde ya pili, ya tatu, ameshaondoka. Kidosho akipita, anarudi. Mara hamsini na nne. Hajakosa hata mara moja."

Chumba kizima kikacheka. "Huyo kanyang'anywa bwana na Kidosho!" mpiga picha mmoja akasema.

"Huyo ana wivu kuliko mke mwenza," mkuu wa vipindi akasema, akifuta machozi.

Shangazi naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Kidosho peke yake ndiye hakucheka. "Mwacheni," akasema. "Labda anampenda mama kwelikweli."

"Siye yeye," Bwana Asilimia akasema. "Ndiyo tatizo. Watu wa takwimu walipoona hivyo wakafuatilia, wakakuta msichana mwenyewe alitoa taarifa mapema, kama sheria inavyotaka, kwamba yuko chuoni tangu wiki sita zilizopita. Kitufe chake kinabonyezwa na mtu mwingine. Nyumba imeondolewa, na hesabu zake zote za mwaka huu zimefutwa." Akashusha miwani. "Kwa Kidosho ni tone la maji baharini. Lakini Shangazi, safu yako ya vijana sasa ni kistari."

"Kistari maana yake nini?"

"Hakuna. Sifuri."

"Na wale elfu kumi na moja wangu?" Sauti ilimtoka kali. "Wale nilikuwa nao kabla! Wiki sita tu ndizo zimeharibika, hao wengine mmewapeleka wapi?"

Bwana Asilimia alimtazama kwa huruma, jambo ambalo nalo hakuwa na kawaida nalo. "Mama, kwenye sampuli yetu mtu mmoja wa umri ule anasimama badala ya watu elfu kumi na moja. Hawakuwa wengi. Alikuwa mmoja. Nimeangalia nyuma: tangu mwaka juzi, kila Alhamisi anapokuwa nyumbani, saa kumi na moja, msichana huyo anawasha kitufe chake na kukutazama dakika zote arobaini na tano. Peke yake sebuleni. Likizo zinapoisha anaondoka, unabaki na kistari, na kistari huwa sikisomi mkutanoni; likizo zikianza anarudi, na wewe unakuwa na elfu kumi na moja tena. Mwaka huu chuo kilichelewa kufunguliwa, ndiyo maana ukawa nao miezi yote. Nchi nzima, kijana wako alikuwa huyo tu."

Mkuu wa vipindi alisema mengine, kuhusu Alhamisi na robo kwisha, kwa upole. Kidosho alimshika Shangazi bega. Shangazi hakuutoa mkono huo. Hakuwa na nguvu za kuutoa.

Alijifungia chumba cha vipodozi. Kwenye simu kulikuwa na miito mitatu ya wifi yake ambayo hakuipokea, na alipokuwa anaitazama, simu ikaita tena. Alikuwa binti wa kaka yake. Huyo hakuweza kumkatia.

"Shangazi, shikamoo. Watu wa takwimu wamenipigia. Wanauliza nani alikuwa anabonyeza kitufe changu."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia sijui. Ila mama amesema ufunguo ulikuwa nao wewe."

Shangazi alivuta kiti akakaa. Alikuwa ameshawafundisha watu wengi namna ya kuomba radhi, lakini kwake maneno yalitoka vipande vipande. "Ni mimi, mwanangu. Nisamehe. Nilikuona siku ile na Kidosho, nikadhani wewe ni wake."

"Siku ile mama alikuwa ananisuka. Nilikuwa nimekaa tu."

"Kumbe wale elfu kumi na moja wote walikuwa wewe. Miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

Kwenye simu zilisikika sauti za wasichana wakicheka bwenini.

"Ningekuambia saa ngapi, Shangazi?" binti akasema, bila hasira. "Kila ukija nyumbani unaniuliza habari za Kidosho. Kavaa nini, kasema nini, tunampendea nini. Hujaniuliza hata siku moja mimi napenda kutazama nini."