Damu Mbili za Kondoo wa Jenista

Miaka mitatu Jenista alibeba hatia ya kondoo yule peke yake. Jike mzuri, mnene, ila hazai. Mumewe Ambwene alikwishakata shauri: wiki ijayo, kwenye kipaimara cha binti yao Tabita, sufuria inamngoja.

Kilichomkaba Jenista hakikuwa nyama. Siku kondoo yule anazaliwa, mama yake alikwama, na Jenista ndiye aliyeingiza mkono akavuta. Mapacha! Dume akafia kiganjani mwake, jike akapona. Alipokua akaonekana tasa, Jenista akajihukumu papo hapo kwamba ni mkono wake ulioharibu. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Sasa, wafugaji wa huku juu ya Isongole walikuwa wamechoka kugombania baba wa wanakondoo, maana madume yote huchungwa pamoja. Ndipo wakamwita Dokta Dina wa mifugo apime makundi ya damu, kila mwanakondoo ajulikane ni wa dume yupi. Akapima zizi zima la Jenista, yule tasa akiwemo. Huyo akampima mara mbili, halafu mara ya tatu, mpaka Ambwene akamuuliza kama dawa ya kupimia imeisha nguvu.

Dina akamwita Jenista aangalie kichupa. Akamweleza kuwa dawa ile hupasua chembe za damu za kundi moja tu, kwa hiyo kwa kondoo mmoja hupasuka zote au haipasuki hata moja. Hapa nusu zilikuwa zimepasuka, maji yamekuwa mekundu, na nusu zimetulia chini, nzima kabisa.

"Mama, huyu alikuwa na pacha dume?"

Jenista akakubali. Akasema yote, hata lile la mkono, Ambwene akisikia.

Dina akatikisa kichwa. Alisema mishipa ya mapacha wale iliungana wakiwa tumboni, damu ikapita huku na huku, na ile ya dume ndiyo iliyomzuia jike kuwa na uzazi, kabla hajaguswa na mkono wa mtu. Tena mbegu ya damu ya kaka yake ilijikita mifupani mwake, na mpaka leo inatoa chembe mpya.

"Kwa hiyo yule niliyemzika..."

"Damu yake bado inazunguka, mama. Ndiyo hii."

Jamani, Mungu huyu! Jenista akapiga magoti zizini, akaweka mkono uleule shingoni mwa kondoo, pale mshipa unapodunda, akalia kwa furaha bila kuona haya. Ambwene alivua kofia, akamtazama kondoo.

"Kwenye kipaimara," akasema, "tutachinja kuku."