Kiti Kitupu cha Msusi

Katika kikundi cha nyumbani alichokilea fundi cherehani, kiti kimoja kilikuwa hakikaliwi. Kanisa ndivyo lilivyofundisha vikundi vyote: acheni kiti kitupu, mtajeni mnayetaka awe mfuasi, mwombeeni mpaka aje akikalie. Kiti cha nyumbani kwa fundi kilikuwa cha binti yake, msusi wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa hataki kukanyaga kwa mama yake tangu aachike.

Fundi alimlilia binti huyo mbele ya wenzake mpaka sauti ikamkauka. Akiamini maombi ya juu juu hayafiki popote, aliwamwagia yote, kama mtu anayekung'uta mfuko wa vifungo. Mimba zilizoharibika. Mume, na tusi alilomtupia mkewe siku ya kuondoka. Binti alikuwa amemnong'oneza mama yake mambo hayo jikoni usiku ule ule mume alipoondoka, kabla hajakata mguu, akamwambia, "Haya ni yetu wawili." Fundi hakuona kama ametoa siri. Kwake, kumwambia Mungu mbele ya watu ilikuwa ni kumwambia Mungu tu. Jamani!

Jumapili moja mchana, wakiwa katikati ya wimbo, mlango ukagongwa. Alikuwa binti, mikono inanuka mafuta ya nywele, macho yamevimba.

"Mama, nimechoka kukaa peke yangu. Naweza kuingia?"

Fundi nusura azimie kwa furaha. Akakifuta kile kiti kwa upindo wa gauni lake, binti akakaa.

Hapo akasimama muuza nyama, waliyemwita Bucha, mtu mwema mwenye mdomo usio na breki. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Asante Baba! Tumekulilia kwa ajili ya tumbo la dada huyu! Mimba ya kwanza, Baba! Mimba ya pili! Na yule mume aliyemwita gogo!"

"Amina!" wakaitikia wote.

Fundi akakohoa kumzuia. Bucha akadhani mama mlezi ameguswa na Roho, akazidisha sauti.

Binti akafumbua macho.

"Mama, hilo neno nilikwambia wewe."

Akainuka, akatoka, akaurudishia mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

"Tumwombee, mama mlezi?" Bucha akauliza.

"Nyamazeni! Nawaomba, leo nyamazeni!"

Fundi akatoka mbio bila viatu. Kila wiki alikuwa akiwafundisha wenzake kumfuata aliyepotea, lakini yeye mwenyewe hakuwahi hata kuvuka barabara kwenda saluni kwa mwanawe. Alikuwa amekaa kwake na kiti, anasubiri.

Alikuta saluni imefungwa kwa ndani. Akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu, nimekuvua nguo mbele za watu. Nisamehe. Fungua, nakufa mwenzio!"

Kisha sauti ikatoka karibu kabisa na mlango.

"Nikifungua, Jumapili ijayo utawaambia nini?"

"Sitawaambia kitu! Naapa!"

"Utawaambia nilifungua."

Fundi akaviondoa viganja mlangoni. Maana njiani, huku analia na kokoto zinamchoma nyayo, alikuwa ameshaanza kuupanga ushuhuda: jinsi mlango ulivyofunguka, na jinsi walivyokumbatiana.