Mboga ya Waziri

Zamani zile bungeni hapakuwa na wapinzani. Chama kilikuwa kimoja, nyimbo zile zile, na mbunge akisimama alisimama kushukuru. Lakini akitokea mmoja akauliza swali likamwasha waziri, basi jina la mpinzani alipachikwa bila kuliomba, na likishapachikwa halibanduki. Ndivyo alivyopachikwa Parsimei, mbunge wa watu wa Ngorongoro, na yote kwa ajili ya neno moja ambalo mimi nalitamka kila mchana mbele ya masufuria yangu.

Mimi ni Germana, Mama Inosenti, mwenye hoteli pale Karatu, jirani na yanaposimama malori ya kwenda geti la hifadhi. Usidhani ni hoteli ya watalii. Ni mabenchi, moshi, ugali, na redio ya marehemu mume wangu juu ya kabati. Kwa ajili ya redio ile watu walikunywa chai hata wasipokuwa na hamu nayo.

Uchaguzi wa mwaka themanini, Parsimei alipewa alama ya jembe na mgombea mwenzake akapewa nyumba. Tulicheka mpaka machozi. Jembe! Kule juu hifadhini kilimo kilikuwa kimepigwa marufuku tangu miaka ya sabini, na jembe lenye udongo mbichi lilikuwa ushahidi mahakamani. Huku kwetu ukuta wa ofisi ya Chama umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Ukivuka geti tu, uti wa mgongo huo huo unakuwa kosa. Parsimei, ambaye alikuwa mwalimu kabla ya siasa, alisimama mikutanoni akasema, "Nichagueni kwa jembe hili, nikawaulize wakubwa kwa nini ninyi hamruhusiwi kulishika." Wakamchagua.

Rafiki yangu Seenoi alimpigia kura. Huyu alikuwa mjane wa Endulen, kule hifadhini, ng'ombe wake wengi wamekwisha kwa ugonjwa wa ndigana, na binti yake alikuwa amefariki akamwachia wajukuu. Alikuwa akiteremka na lori kuja Karatu kununua mahindi, na akisubiri lori la kurudi alikaa kwangu, shanga zake zikigonga bilauri ya chai. Maziwa ya ng'ombe waliobaki hayakutosha kuwalainishia watoto ugali. Sasa niambieni, Mmasai asiye na ng'ombe, aliyekatazwa na jembe, ale nini? Ale mandhari?

Alikuwa kwangu siku ile ya Bunge la bajeti, mwaka themanini na nne. Redio ikatangaza maswali na majibu, na mtu mmoja akapiga kelele, "Nyamazeni, Parsimei huyo!" Tukanyamaza. Aliuliza lini Serikali itawaruhusu watu wa hifadhini kulima chakula. Waziri akajibu kwa ile sauti yao ya kusoma, kwamba hifadhi ile ni urithi wa dunia nzima. Parsimei akasimama tena na swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, kwa kuwa urithi ni wa dunia nzima, na kwa kuwa wanaolala njaa ni watu wangu peke yao, je, Waziri yuko tayari kuwaambia akina mama wa Endulen ugali wao waule na nini?"

Wabunge wakacheka. Tukamsikia Waziri naye akicheka kidogo kabla hajajibu.

"Mheshimiwa Spika, Serikali haijapata kumkataza mama yeyote kuotesha mboga yake nyuma ya nyumba."

Makofi yakalia mpaka redio ikakwaruza. Mle hotelini namo watu walipiga meza, wakasema Parsimei amembana mtu akabanika. Seenoi hakupiga meza. Aliweka bilauri chini akaniita.

"Mama Inosenti, amesema mboga?"

"Amesema mboga. Tumesikia sote."

"Mboga ni nini?"

Nikamwinua nikampeleka jikoni nikamfunulia masufuria. Hii nyama ni mboga. Haya maharage ni mboga. Mchicha ule ni mboga. Hata maziwa, ukiyalia ugali, ni mboga. Chochote kinachouteremsha ugali kooni, sisi huku bara tunakiita mboga, na mteja akiingia haulizi lingine ila mboga gani.

Seenoi alitazama sufuria moja baada ya nyingine. "Nyama mimi sina," akasema. "Maziwa yamekwisha. Majani watoto hawashibi. Nipe hii." Akaonyesha maharage.

Nilimpa mbegu nilizoletewa na kaka yangu Wilibrodi kutoka Mbulumbulu, maharage mekundu yale ya duara, nikazifunga kwenye kitambaa. Nilimpa mimi kwa mkono wangu, na sijuti mpaka leo.

Masika yalipoanza akachimba nyuma ya boma lake. Wanawake wenzake walimcheka, wakamwita Mmbulu, maana kuparua ardhi kwa Mmasai ni kazi ya watu kama mimi. Naye akawajibu kwamba Mmbulu analala ameshiba. Alizungushia miiba kuzuia swala, na kila aliposhuka Karatu alinipa habari za maharage yake kama mtu anayesimulia mtoto anayeota meno: yameota, yametambaa, yametoa maua. Wale waliomcheka wakaanza kumuuliza mbegu zinapatikana wapi.

Maganda yalipojaa, askari wa hifadhi wakaja. Waling'oa yote, hata hawakungoja yakauke yaliwe na mtu. Wakambebesha jembe lake mwenyewe begani, wakamtembeza nalo kama mwizi na mbuzi aliyemwiba.

Siku ya kesi nilifunga hoteli nikaenda. Hakimu alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka, hapandishi sauti. Seenoi alisimama kizimbani na shuka lake jekundu akajieleza kwa Kiswahili chake cha minadani.

"Mimi hapana lima shamba, mzee. Mimi nasikia Waziri kwa redio. Yeye nasema mama aoteshe mboga nyuma ya nyumba. Mimi naotesha mboga."

"Ulikutwa na maharage," akasema hakimu.

"Ndiyo. Mboga."

Hakimu akavua miwani. Akamweleza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angemtukana, kwamba mboga ni majani: mchicha, kisamvu, matembele. Nyama, samaki, maharage, hivyo si mboga, hivyo ni kitoweo. Na mwendesha mashtaka akadakia kwamba maharage ni zao la chakula, yanahesabiwa pamoja na mahindi na ngano, na mazao ndiyo yaliyokatazwa. Nikasimama pale nyuma nikasema kwa sauti, "Huku kwetu ni mboga!" Polisi akanitoa nje kwa mkono. Nilikuwa uani, nimeshika ukuta, niliposikia kwamba amepewa miezi sita.

Kitoweo! Mwanamke amelala njaa maisha yake yote, leo anafungwa kwa sababu hakuzaliwa karibu na bahari akajua tofauti ya mboga na kitoweo.

Parsimei alipita kwangu akielekea Dar es Salaam kwenye Bunge la mwaka themanini na tano. Nilimwambia yote. Hakumaliza chai. "Aliyelisema neno ndiye atakayelifafanua," akasema. "Nitamuuliza mbele ya watu, na kila mtu atasikia."

Watu wakamsihi anyamaze, kwani uchaguzi ulikuwa umekaribia na majina yangepita kwa wakubwa kuchujwa. Bartolomeo, katibu wa Chama hapa kwetu, alisema waziwazi hotelini kwangu kwamba mbunge anayemuuliza waziri swali moja mara mbili huyo si mwenzetu, ni mpinzani. Parsimei hakunyamaza. Hilo nitamsifia mpaka nife.

Hotelini siku ile watu walijaa mpaka mlangoni. Sauti yake ilitoka redioni ikiwa kavu.

"Mheshimiwa Spika, mwaka jana Waziri alilieleza Bunge hili kwamba akina mama wanaruhusiwa kuotesha mboga. Mama mmoja wa Endulen ameotesha maharage, na sasa yuko gerezani. Naomba Waziri atamke hapa, ndiyo au hapana: maharage ni mboga, au si mboga?"

Tukadhani amembana kweli. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha kumtoa Seenoi. Hata mwendesha mashtaka angelisikia. Nilishika mwiko kwa mikono yote miwili.

"Mheshimiwa Spika," akasema Waziri, "swali hilo Mheshimiwa angemuuliza mkewe jikoni."

Bunge zima likaangua kicheko. Kicheko kile kilikuwa kirefu, na Spika naye alisikika akicheka, kisha likaitwa swali linalofuata, la matrekta. Nilizima redio nikatoka nje kupasua kuni, nikapasua na zile ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Majina ya wagombea yaliporudi, jina la Parsimei halikuwamo. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Alikuja kwangu amevaa suti yake ile ile ya kijivu, akakaa kwenye benchi la kona.

"Nimekosea mara ya kwanza, Mama Inosenti, si mara ya pili," akasema. "Mwaka jana waziri alinipa neno, nikalipokea nikapigiwa makofi. Ng'ombe ukipewa unamfunua mdomo, unamtazama meno. Mimi neno sikulitazama."

Nilimwekea ugali, akala kidogo, akaondoka na lori la jioni.

Kabla ya siku ya kura Waziri mwenyewe akaja upande wetu. Alikuwa anakwenda kulala juu, kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta, lakini mvua ilikuwa imenyesha na lori la ngano limelala katikati ya barabara mbele kidogo ya Karatu. Bartolomeo akaja mbio, suruali imejaa tope.

"Mama Inosenti! Mheshimiwa ana njaa! Chinja kuku, pika wali, haraka!"

"Kuku wamekwisha," nikamwambia. Walikuwa uani wanapigana, na kelele zao tulizisikia wote wawili.

Waziri akaingia. Alikuwa mtu wa kawaida, mnene kidogo, viatu vimeharibika kwa tope, na uso wa mtu mwenye njaa. Nilimnawisha mikono. Kisha akanitazama akauliza kama anavyouliza dereva wa lori, kama anavyouliza mtu yeyote anayekaa kwenye benchi langu:

"Leo mboga gani, mama?"

Nyama ilikuwapo jikoni. Niliifunika.

"Maharage, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Hiyo ndiyo mboga yangu tangu shuleni."

Watu walisitisha matonge mkononi. Bartolomeo alikuwa ameinamia sahani yake kama anatafuta kitu kilichodondoka humo. Waziri alikula, akala vizuri, akaninyooshea sahani.

"Niongezee mboga, mama. Ugali unatosha."

Nikaja na sufuria lakini sikumimina.

"Mheshimiwa, yuko mama wa Endulen gerezani kwa mboga hii. Ulisema redioni mboga ruksa. Hakimu amesema maharage si mboga. Leo wewe mwenyewe umeyaita mboga, mara mbili, watu hawa wote wamesikia. Mwambie hakimu."

Alinitazama. Sitamsingizia, nadhani kwa muda mfupi aliona haya, maana aliitazama sahani yake kabla hajamtazama Bartolomeo. Halafu ile sauti ya redio ikamrudia.

"Mama, masuala hayo yana utaratibu wake. Mpelekeeni mbunge wenu, ayalete bungeni."

"Mbunge yupi? Aliyeyaleta mmemkata jina."

Alinawa mikono, akasema chakula kilikuwa kizuri, akatoka kwenda kusubiri barabara ndani ya gari lake. Wiki iliyofuata akaja bwana afya akaona uchafu jikoni kwangu ambao hakuwahi kuuona miaka yote aliyokula humo. Nikafungiwa mpaka kura zikaisha.

Seenoi alitoka mwishoni mwa mwaka. Aliteremkia kwangu kusubiri lori. Nywele alikuwa amenyolewa, shanga amezibeba kwenye mfuko, na mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya kwangu. Kule gerezani, akaniambia, walikuwa wakilimishwa shamba la gereza kutwa nzima.

"Mlilima nini?" nikauliza, huku najua.

"Maharage."

Aliniambia pia kwamba, kwa habari zilizomfikia gerezani, miiba ya boma lake watu wameshaichukua iwe kuni, na wajukuu wamegawanywa kwa ndugu, mmoja huku mmoja kule, na hajui kama atawakusanya. Alisema bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira zaidi kuliko huruma, nikakimbilia jikoni nisionekane.

Nikampakulia ugali wa moto, mwingi. Nikasimama mbele yake na mwiko, na ulimi, kwa mazoea ya miaka yote, ukaniponyoka.

"Nikuwekee mboga gani?"

Seenoi akaivuta sahani karibu yake.

"Nipe chumvi, Mama Inosenti. Chumvi hailimwi."