Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Mtaani kwao, Mama Sauti akitoka asubuhi amevaa nguo nyeusi, watu hawaulizi kuna nini. Wanauliza ni nani. Yeye ndiye anayesoma wasifu wa marehemu kwenye misiba yote. Na ana huruma, maana anajua kuruka mistari. Marehemu aliyekuwa mlevi anakuwa "mpenda watu", na mgomvi anakuwa "mtu wa msimamo". Wafiwa wanamshukuru, majirani wanakohoa kidogo na kutazama chini, maisha yanaendelea.

Jumatano ile alikuwa kwenye cherehani yake, anakunja pindo la sketi ya mteja, akamuuliza binti yake aliyekuwa anaosha vyombo uani.

"Kaka yako yuko wapi? Simsikii."

"Yuko chumbani, Mama. Anaandika wasifu wake."

Msimcheke mama huyu kwa alichofanya baada ya hapo. Huyo kaka, fundi lifti, alikuwa ameumwa sonona kwa miaka. Kuna kipindi alishinda amelala akitazama ukuta, na mama mtu alilitoa komeo la mlango wake na kuvificha visu vya jikoni ndani ya gunia la vitambaa. Sasa alikuwa na nafuu: anakula, anatania, anameza dawa bila kukumbushwa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu neno wasifu alilijua kwa kazi moja tu.

Alipiga yowe lililofika barabarani. Sketi chini, kiti chali, akausukuma mlango akaingia.

"Lete hiyo karatasi!"

"Taratibu, Mama, utaichana."

Akasoma. Amezaliwa mwaka fulani, shule fulani, chuo cha ufundi, vyeti. Mpangilio ni ule ule. Kilichobaki ni "ameacha mama na dada mmoja". Akaketi kitandani.

"Mwanangu, nimekukosea nini mpaka unataka kunitangulia?"

Fundi akamtazama yeye, akaitazama karatasi, ndipo akaelewa.

"Mama! Hii ni ya kuombea kazi. Kuna kampuni ya lifti inataka barua na wasifu kabla hawajafunga ofisi leo."

"Mtu anajiandikia wasifu mwenyewe, na yu hai?"

"Ndio utaratibu wao."

"Makubwa haya! Na nani anausoma?"

"Bosi."

Mama Sauti akacheka, mwanawe akacheka, wakacheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Alipojifuta uso aliirudia karatasi kwa jicho la kazi, kwa sababu mambo ya wasifu humwambii kitu.

"Hapa katikati umeruka."

"Sijaruka, nimekwama. Nikiandika niliugua akili, watasema huyu tukimkabidhi roho za watu itakuwaje. Nisipoandika, wataliona pengo wenyewe. Na hii kazi, Mama, naitaka. Nikiikosa hii, sijui kama nitapata tena nguvu ya kuandika nyingine."

Kwa mtu wa kuruka mistari, hilo lilikuwa jambo dogo.

"Andika kampuni ilipunguza watu. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Ndivyo alivyoamini. Siku ile kijana alirudi nyumbani akasema kazi imeisha, akalala. Mama hakumchimba. Mengine aliyajazia mwenyewe, na ndiyo aliyowaeleza majirani.

"Hakuna aliyenipunguza," Fundi alisema. "Nilishuka mwenyewe."

"Ulishuka wapi?"

"Juu ya lifti. Nilikuwa nakaza bolti za breki. Usingizi ulikuwa umenikimbia siku nyingi, hata sikuhesabu. Nikakaza moja, nikajiuliza, nimeikaza hii au bado? Nikairudia. Nikajiuliza tena. Chini watu wamepanga foleni wanasubiri lifti, kuna na mama mjamzito. Nikazima swichi kuu, nikaifunga kwa kufuli, nikashuka, nikampa msimamizi ufunguo. Nikamwambia breki ikaguliwe upya yote, na mimi leo si mtu wa kuaminiwa. Akanibembeleza nimalizie, lifti ilikuwa inasubiriwa. Nikakataa, nikaondoka."

Mama Sauti alikuwa amesifia watu wengi maishani, wengine kwa kujilazimisha, na hapa sifa ilimjaa kifuani asijue aanzie wapi. Miaka yote hiyo alikuwa anamwonea mwanawe huruma. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna cha kumheshimu.

"Andika hivyo hivyo," alisema.

"Watanikataa."

"Wakikataa, wakukatae wewe, siyo mtu wa kutunga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndiye nisomaye siku hiyo, kwa hiyo najua."

Fundi akainama, akaandika polepole: aliugua sonona, alijiondoa kazini kabla ya kumhatarisha mtu, alitibiwa, bado yuko chini ya daktari, yuko tayari kufanya kazi. Hakupamba kitu. Akavaa viatu.

Walipofika mlangoni walimkuta jirani wa nyumba ya pili amesimama, khanga kashajitanda kichwani, uso umeshaanza kulia.

"Nimesikia yowe," alisema. "Ni nani?"

"Hapa hakuna maiti. Kijana anapeleka maombi ya kazi."

"Alhamdulillahi! Kule kule walikompunguza?"

Fundi akasimama, bahasha mkononi. Mama Sauti hakuruka mstari.

"Hawakumpunguza. Aliugua, akajua anaumwa, akashuka mwenyewe kabla hajamuua mtu. Mimi nilikuwa nadhani nimezaa mtoto aliyeachishwa kazi. Kumbe nimezaa mtu ambaye lifti yake ningepanda nimefumba macho."