Mkwe na Injini ya Mbula

Ndeti alipofika na pikapu yake kutoka Voi, kitu cha kwanza Mbula alichoona ni kamba. Kamba mpya za manila, zimekunjwa vizuri nyuma ya gari, na kando yake godoro kuukuu la kulaza injini isikwaruzwe. Mtu anayekuja kutengeneza hubeba spana. Anayekuja na kamba amekuja kuzika.

Mbula hakumwambia neno, maana hakuruhusiwa. Ndeti alikuwa mume wa binti yake Kasiva, na kwa Wakamba wa rika la Mbula mama mkwe na mkwewe hawakaribiani, hawatazamani machoni, wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu mwingine. Ndiyo nthoni, heshima ya wakwe. Tangu Kasiva aolewe, Mbula alikuwa amemwona Ndeti mgongo na kofia tu, na kwa kipimo chake hivyo vilitosha.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Injini ya petroli iliyozungusha mashine yake ya kusaga mahindi ilikuwa imeshikwa na kifafa. Inapanda ikinguruma, inashuka kama inayotaka kulala, inapanda tena. Unga ukawa unatoka chenga, wateja wakaanza kukata njia hadi kijiji cha Rukanga, kwenye mashine ya stima. Ndipo Kasiva na mumewe wakakubaliana bila kumuuliza mwenyewe: Ndeti ataitazama injini mara moja, ikikataa itauzwa, na mama atahamia kwao Voi. Akae chini ya paa la mkwe, kila akienda chooni apite ameficha uso. Mbula alisema afadhali ndovu waje wale mahindi, wakimaliza wamle na yeye.

Akaweka kigoda nje, nyuma ya ukuta wa mabati wa kibanda cha mashine. Kasiva akasimama mlangoni awe mdomo wa wote wawili. Mable, jirani Mtaita aliyeleta debe la mahindi, akakaa kando kungoja, na hakuonekana mwenye haraka.

Ndani, Ndeti akaiwasha injini. Ikaanza mambo yake, juu, chini, juu.

"Mwambie ni gavana," Mbula akasema. "Kile kimkono cha kuzuia mwendo kimelegea. Hata mbuzi anasikia."

"Mama anasema huenda ni gavana," Kasiva akasema kwa upole.

"Sikusema huenda. Na mbuzi wangu umemwacha wapi?"

Ndeti alikuwa amesikia yote, bati halizuii neno. "Mwambie mama nashukuru," akasema. "Lakini nitaanza na kabureta."

"Anaanza na kabureta kwa sababu ndilo jina analolijua. Dereva wa lori la simiti. Likizima barabarani yeye hupiga simu, halafu hulala chini yake kivulini."

Mable akacheka hadi akashika ubavu. "Nyinyi Wakamba mna kazi. Si umwambie mwenyewe? Huyo hapo."

"Siwezi. Namheshimu," Mbula akasema, akatema mate kando.

Ndeti akavuta choki, kile kizibo cha hewa, hadi nusu. Injini ikatulia, ikaenda sawa kama mtu mwenye akili zake. Akaiachia choki, kifafa kikarudi.

"Mwambie mama asikize," akasema. "Nikipunguza hewa inatulia. Kwa hivyo inakosa petroli. Gavana ni mzima, anahangaika tu kuisaidia."

Mbula alikuwa amesikiza, na kule kutulia kulimuudhi kuliko kelele. "Hata mtoto akizibwa pua hutulia," akasema.

Ndeti akafunga petroli, akangoja injini ife yenyewe, akafungua kabureta. Akatoa kile kipande cha shaba chenye kitundu cha kupitisha petroli, akakichokonoa kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, akapuliza. Kasiva akamletea mamake kilichotoka, ametandaza kiganjani: utomvu mweusi, petroli iliyolala humo hadi ikaoza.

Mbula akautazama kama mtu aliyeletewa mavi ya kuku. "Ameupata upesi," akasema. "Uchafu hujuana."

Lakini Ndeti alipofunga na kuwasha tena, akiirudisha choki taratibu, injini ilikwenda. Haikupanda, haikushuka. Mbula akajiegemeza ukutani, maana hapo Voi ilikuwa imekwenda mbali. Asante hakumtuma Kasiva aipeleke.

Kama mambo yangeishia hapo, Ndeti angerudi kwake na sifa zake. Ila mwanamume akisifiwa na mkewe mbele ya watu hukosa breki, na Kasiva alikuwa amesema, "Umeweza, baba Shantel."

"Mwambie mama naiongezea mbio," Ndeti akasema kwa sauti, kushinda mngurumo. "Iwapite wale wa stima."

"Mwambie aache hapo hapo. Mwambie atoe mikono yake," Mbula akasema.

"Mama anasema si lazima," Kasiva akapaza sauti.

Injini ilikuwa ikinguruma, na safari hii Ndeti alisikia la Kasiva peke yake. Si lazima. Basi akailegeza nati ya kimkono cha gavana apate nafasi, akaivuta springi yake hadi tundu la mbali. Kimkono kikateleza. Pakawa hapana tena cha kuzuia mwendo, na injini ikapiga yowe. Kibanda kikatetemeka. Ndeti akabonyeza swichi ya kuzimia, nayo ilikufa zamani. Akafunga petroli, lakini iliyobaki ndani ya kabureta ilitosha kuipasua. Akaganda hapo, spana mkononi.

Mbula hakukumbuka kuinuka. Kasiva alinyoosha mkono kumzuia, akapigwa kikumbo. Mwanamke mzee akaingia, akaegemea bega la mkwewe, akaivuta choki hadi mwisho na kuikandamiza leso kwenye mdomo wa hewa. Injini ikakohoa, ikakabwa, ikafa. Petroli ilinuka kibanda kizima.

"Mama," Kasiva akasema, "umemgusa."

"Nimegusa choki."

"Na bega lake."

Ndeti alikuwa ameshusha kofia hadi puani. Mbula akamtazama usoni bila haraka, maana madhara yalikuwa yameshafanyika. Kumbe mkwe alikuwa na masikio makubwa. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Ndeti. Rudisha springi ulipoikuta. Kaza nati."

Akarudisha, akakaza. Akafungua petroli, akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikawaka, ikaenda mwendo wake wa zamani, wala haikuonyesha kuvunjika kitu.

"Lakini kabureta nilipatia, mama," akasema chini ya kofia.

"Ulipatia. Mtu akipatia kimoja huosha mikono akaenda."

Mbula akavisha mkanda wa mashine, akamimina mahindi ya Mable. Unga ukashuka laini. Akaupima kwa vidole, akatoka nje kwenye kigoda chake, akageuza uso ukutani kama inavyompasa mama mkwe.

"Kasiva," akaita, "mwambie mumeo gari lake linawazibia wateja njia."