Shingo ya Mama Vénérande

Nina mdomo. Mwaka 1995 pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wagonjwa walinigombania niwatafsirie, mimi Norbert wa Uvira, Kongo, kwa sababu Kiingereza ninacho na haya sina. Ndivyo nilivyodhani.

Ikaja zamu ya mama mkwe wangu, Vénérande, mkimbizi wa Burundi. Alikuwa ameanza tena kutoka damu, miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Binti yake Epiphanie, mke wangu, hajui Kiingereza, basi nikampeleka mimi hospitali moja ya Lilongwe. Wakati wa kupimwa nilingoja nje. Kisha daktari akaniita.

Alieleza polepole. Kuna kirusi ambacho mwanamke huambukizwa akilala na mwanamume. Wanawake wengi hukipata, na mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wengine kinabaki, miaka kumi, ishirini, bila maumivu, kikiharibu nyama ya shingo ya kizazi mpaka inageuka saratani. Ya mama huyu bado ni ndogo. Arudi wiki ijayo iondolewe, maana ikishaenea hakuna wa kuiondoa.

"Anasema nini, mukwe?" akauliza Vénérande.

Mimi nimtajie mama mkwe kizazi chake! Neno hilo nikalimeza.

"Anasema iko kidonda kidogo kwa shingo, mama. Urudi wiki ijayo, bakikate."

Akajibonyeza kooni huku na huku. "Mbona haiumi?"

Wiki ilipofika akagoma. Nani akakatwe shingo isiyouma? Akanunua dawa ya kuchua, akajifunga kitambaa shingoni, na damu akaiita mambo ya uzee. Kila nilipokiona kile kitambaa niliapa kwamba kesho nitamwambia Epiphanie ukweli. Sikumwambia. Niliogopa kuonekana mwongo, ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine.

Ikapita miezi minane. Harufu ikaanza, mguu ukavimba. Daktari yuleyule alimpima, akatoka akivua glavu. Imeingia kwenye kibofu, akasema. Hakuna cha kukata tena.

Nilimkuta Vénérande kwenye benchi la korido, nikapiga magoti, nikamwambia yote, na lile neno nililolimeza nikalitamka.

Alifungua kitambaa shingoni, akakikunja taratibu mapajani.

"Hapo ndo uliona haya, mukwe?" akasema. "Bibi yako Epiphanie alipitia hapo."